Mkimbizi, deplase, mwomba hifadhi: maswali ya kisheria yanayoulizwa sana Goma na kando ya mpaka

Mitaani Goma, yeyote aliyebeba godoro kichwani huitwa mkimbizi. Ofisini neno hilo lina mipaka yake, na watu wengi hupoteza haki yao kwa kutumia neno la mtaani mahali panapotakiwa neno la sheria. Majibu haya yanaeleza maneno hayo moja moja, pamoja na mambo yanayoharibika mara kwa mara. Muda uliotajwa kwa nchi za Ulaya ni wa kabla ya taratibu mpya za Umoja wa Ulaya, zilizopangiwa kuanza kutumika Juni 2026. Ukiona tofauti, fuata karatasi uliyopewa wewe.

Nimetoka Sake nikalala kambini pembeni ya Goma. Mimi ni mkimbizi?

Hapana. Kisheria wewe ni mtu aliyehamishwa ndani ya nchi yake, yule tunayemwita deplase. Mkimbizi lazima awe nje ya nchi ya uraia wake. Hata kijiji chote kiwe kimechomwa, maadamu bado uko Kongo, mikataba ya wakimbizi haijakufikia. Unabaki raia mwenye haki zote za raia, na mwenye jukumu la kukulinda ni dola yako mwenyewe. Mkataba unaohusu hali kama yako ni Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa Oktoba 2009 na kuanza kufanya kazi Desemba 2012.

Jetoni ya PAM (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) na karatasi ya kuandikishwa kambini ni za mgao, hazikupi hadhi yoyote ya kisheria. Lakini usizitupe. Zina jina lako, mahali na tarehe, na ukivuka mpaka baadaye zinaweza kuwa ushahidi pekee kwamba mwezi fulani ulikuwa Bulengo au Kanyaruchinya. Watu huzitupa wakidhani kazi yake imekwisha, kisha miaka miwili baadaye ndizo wanazoulizwa.

Basi mkimbizi ni nani?

Kuna maelezo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoangusha wengi.

La kwanza ni la Mkataba wa Geneva wa 28 Julai 1951, uliopanuliwa na Itifaki ya 1967 iliyoondoa sharti kwamba matukio yawe ya kabla ya Januari 1951. Mkimbizi hapo ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu yenye msingi ya kuandamwa kwa sababu ya rangi au kabila, dini, utaifa, kuwa kwenye kundi fulani la kijamii, au mawazo ya kisiasa, na nchi yake haiwezi au haitaki kumlinda.

La pili ni la Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa 10 Septemba 1969. Unachukua lile la kwanza, kisha unaongeza mtu aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi wa nje, kukaliwa kimabavu, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga sana utulivu wa umma katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima.

Mkataba wa Geneva unakuuliza: kwa nini wewe? Ule wa Addis unauliza: kwenu kuna nini? Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Zambia zote zimeridhia mkataba wa Addis, Ubelgiji na Ufaransa hazimo. Kwa hiyo mtu wa Rutshuru anayesema tu "vita ilifika, tukakimbia" anaweza kutambuliwa Nakivale, Uganda, na maneno hayohayo yakakataliwa Bruxelles. Huko watataka kujua kama kuna mtu aliyekutafuta wewe, na alikutafutia nini.

"Hofu yenye msingi" wanaipimaje?

Ina pande mbili. Hofu ni yako, iko moyoni. Msingi uko nje, katika mambo ambayo mtu mwingine anaweza kuyakagua: nani alitawala eneo lile mwezi ule, barabara ipi ilikuwa imefungwa, watu wa kazi yako au kabila lako walifanywa nini. Si lazima uwe umekwisha kupigwa. Sheria inaangalia yatakayokupata ukirudi, na yaliyopita ni dalili tu.

Hapa pana mtego wa mashamba. Ugomvi wa shamba peke yake haumo kwenye zile sababu tano. Jirani alikuja na panga kwa ajili ya mpaka wa shamba, polisi wakaja wakamkamata: hiyo ni kesi ya jinai. Lakini kama polisi walikuambia "watu wa kabila lako warudi walikotoka", sababu imepatikana, kwa sababu ulinyimwa ulinzi kwa kabila lako. Wengi husimulia panga kwa saa nzima na kusahau kabisa yale maneno ya polisi.

Nyiragongo ilipolipuka 22 Mei 2021 tulikimbilia Gisenyi, Rwanda. Tulikuwa wakimbizi?

Kwa Mkataba wa 1951, hapana. Volkano haimuandami mtu kwa dini wala kabila lake. Mlipokelewa kama watu walio hatarini, na wengi walirudi baada ya muda mfupi. Maneno ya mkataba wa Addis kuhusu "utulivu wa umma" yanaacha mlango wazi kidogo pale janga linapovunja utawala na usalama, na wanasheria wanabishana juu ya upana wa mlango huo. Usijenge ombi lako juu ya lava peke yake.

Mwomba hifadhi na mkimbizi vinatofautianaje?

Mwomba hifadhi amesema, anasubiri jibu. Mkimbizi amekwisha kutambuliwa. Lakini kuna kanuni moja nzuri: kutambuliwa hakumgeuzi mtu kuwa mkimbizi, kunathibitisha kwamba alikuwa mkimbizi tangu hali yake ilipotimiza masharti. Ndiyo maana mwomba hifadhi naye haruhusiwi kurudishwa kabla ombi lake halijaamuliwa.

Nikivuka Bunagana kwenda Uganda, inakuwaje?

Kwa Wakongo, Uganda hutumia utambuzi wa kundi, unaoitwa prima facie: hali ya mahali mnakotoka inajulikana, kwa hiyo hamhojiwi mmoja mmoja kwa kina kabla ya kutambuliwa. Kwa kawaida hatua ni hizi. Unajitambulisha kwa maafisa mpakani, wanakukagua usalama na afya, unapelekwa kituo cha mapito cha Nyakabande karibu na Kisoro, kisha basi linakupeleka makazi kama Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali. Wanaovukia upande wa Ishasha hupitia kituo cha Matanda. Anayeandikisha ni serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, na HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inasaidia. Wanachukua alama za vidole na picha ya mboni za macho, na familia inapewa karatasi moja ya familia.

Karatasi hiyo ndiyo inayobeba familia yako kwa miaka. Hakikisha majina yameandikwa kama yalivyo kwenye karte ya elekta (kadi ya mpiga kura), kwa mpangilio uleule. Afisa aliyezoea Kiingereza huweka jina la ukoo mwisho, sisi tuna jina, jina la pili na jina la Kikristo, na "Furaha" wa Goma anatoka akiwa na jina ambalo mama yake hakumpa. Sahihisha siku ileile, kabla basi halijaondoka. Ukifika Nakivale, kusahihisha herufi mbili kunaweza kula miezi.

Anayefika Kampala moja kwa moja na asiyeingia kwenye utambuzi wa kundi anapitia Kamati ya Ustahiki wa Wakimbizi. Sheria ya Uganda ya 2006 inataka ombi lipelekwe ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini.

Nilipita njia ya panya bila karatasi. Nimeharibu?

Si lazima. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, kwa masharti matatu: awe ametoka moja kwa moja mahali pa hatari, ajitokeze mbele ya mamlaka bila kuchelewa, na aeleze sababu nzuri. Sharti la pili ndilo linalowashinda watu. Anakaa kwa shangazi Gisenyi au Kisoro miezi minane akisubiri mambo yatulie, anajitokeza siku polisi wanapomkamata. Kuomba hifadhi ukiwa tayari na pingu bado ni haki yako, lakini neno lako linapungua uzito.

Wanaweza kunirudisha Goma kwa nguvu?

Kanuni ya kutorudishwa iko katika kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951. Inakataza kumrudisha mkimbizi kwa njia yoyote mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini kwa mojawapo ya zile sababu tano. Mkataba wa Addis unakataza hata kumkataa mtu mpakani. Geneva ina upenyo mdogo kwa mtu aliye hatari kwa usalama wa nchi iliyompokea, ila Mkataba wa 1984 wa Kupinga Utesaji hauna upenyo: hakuna anayerudishwa kuteswa, hata mhalifu.

Ukikamatwa, usiseme "naomba msaada" wala "nina shida". Sema: "Naomba hifadhi. Naogopa kurudi Kongo kwa sababu…" Neno *hifadhi* ndilo linaloamsha wajibu wa afisa. Shida kila mtu anazo, na afisa hana wajibu juu ya shida.

Nauza nyanya Gisenyi kila siku kwa jetoni ya bariere ndogo, kile kizuizi cha mpakani. Naweza kuomba hifadhi kule?

Hakuna sheria inayokukataza, ila ujiandae kwa swali moja: kama unaogopa, mbona unarudi kulala Goma kila jioni? Jetoni, kile kitambulisho cha CEPGL (jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi) na kuingia bila viza ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (ambayo Kongo ilijiunga nayo 2022) ni ruhusa za kupita na kufanya biashara. Hazikupi hifadhi. Lakini kama hatari imezaliwa leo, kwa mfano kaka yako amechukuliwa jana usiku na wewe ukaitwa jina, basi mivuko ya nyuma haina neno. Taja siku yenyewe iliyobadilisha mambo.

Ndugu wa swali hili ni mtu aliyegeuka mkimbizi akiwa tayari nje ya nchi. Mwanafunzi aliyekuwa Kampala au mfanyabiashara aliyekuwa Guangzhou Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 hakukimbia chochote, na bado anaweza kuwa mkimbizi, kwa sababu hatari ilitokea nyuma yake.

Wananiuliza: kwa nini hukwenda Kinshasa?

Hilo linaitwa ulinzi wa ndani, na huko Ulaya hilo ni mojawapo ya sababu zinazotumika kukataa maombi ya watu wa Kivu. Hoja yao ni kwamba Kongo ni kubwa, vita iko mashariki. Usijibu "Kinshasa ni mbali" au "sijui Lingala", hayo peke yake hayatoshi. Jibu mambo mawili kwa mpangilio. Kwanza, je, anayekutafuta anaweza kukufikia huko? Kama ni mtu wa usalama wa serikali, Kinshasa ndiko nyumbani kwake. Kama ni kundi lenye silaha la Masisi, eleza kwa nini mkono wake ungefika. Pili, ungeishi vipi kwa kweli: nani unamjua, ungepanga wapi, jina na sura yako vingekuletea nini kwenye kizuizi cha barabara. Mtu anayezungumza Kinyarwanda anapaswa kueleza wazi namna watu kama yeye wanavyotazamwa huko.

Kwa nchi zinazotumia mkataba wa Addis swali hili lina nafasi ndogo, maana mkataba wenyewe unasema vurugu ikiwa katika *sehemu* ya nchi inatosha.

Hawakunipa ukimbizi ila "ulinzi wa nyongeza". Ni kitu gani?

Ni hadhi ya Umoja wa Ulaya kwa mtu asiyeingia kwenye zile sababu tano lakini akirudi yuko kwenye hatari ya kunyongwa kwa hukumu, kuteswa, au kuumizwa na vurugu za vita zisizochagua mtu. Kibali chake kwa kawaida ni kifupi kuliko cha mkimbizi. Unaweza kukubali ulinzi huo na bado ukakata rufaa kudai ukimbizi kamili, lakini zungumza na avoka (wakili) kwanza, maana katika baadhi ya nchi rufaa inaweza kufungua faili lote upya.

Nimekataliwa. Nina siku ngapi?

Zinaanza kuhesabiwa tangu siku ulipopewa au kuletewa barua, hata kama hujaifungua. Uganda: siku 30 kwenda Bodi ya Rufaa ya Wakimbizi, ambayo haiwezi kukupa ukimbizi yenyewe, inaweza kufuta uamuzi na kurudisha faili kwa Kamati. Ufaransa: mwezi mmoja kwenda mahakama ya hifadhi, CNDA, na ombi la avoka wa kulipiwa na serikali lipelekwe ndani ya siku 15. Ubelgiji: siku 30 kwenye utaratibu wa kawaida, 10 kwenye ule wa haraka.

Rufaa si mahali pa kusema "nawasihi mnihurumie". Chukua barua ya kukataliwa, weka namba kwenye kila sababu waliyoitoa, jibu kila namba kwa karatasi au maelezo. Sababu usiyoijibu inaweza kuhesabiwa kwamba umeikubali.

Mkalimani alikuwa Mswahili, mbona maneno yangu yaligeuka?

Kwa sababu Kiswahili cha Goma, cha Bukavu na cha Lubumbashi si kile cha Dar es Salaam wala Mombasa, na ofisi nyingi za nje huandika tu "Kiswahili". Tazama sentensi moja: "Basoda balikuya usiku, bakaua baba juu ya shamba." Kwetu maana yake wanajeshi walikuja usiku, wakamuua baba kwa sababu ya shamba. Mkalimani wa pwani atashangaa kidogo kwa "basoda", kwake soda ni kinywaji, lakini atauliza na kuelewa. Hatari iko kwenye "juu ya". Kwake inaweza kuwa "kwenye shamba", na hataona haja ya kuuliza kwa sababu sentensi imekaa sawa. Sababu ya mauaji imegeuka kuwa mahali pa mauaji. Na sababu ndiyo kesi yenyewe. Sema "kwa sababu ya". Vivyo hivyo "walimuua juu ya kabila": sema "kwa sababu ya kabila lake".

Nyingine ni hizi. "Walinikamata kwa nguvu": kwetu mwanamke akisema hivyo kila mtu anaelewa, lakini kwenye maandishi inaweza kutoka kama kukamatwa na polisi. Ni vigumu, lakini neno "walinibaka" lisemwe walau mara moja, na una haki ya kuomba mhojaji na mkalimani wanawake. "Saa mbili usiku" ni 20:00, na mkalimani akiteleza akaandika 2:00, tukio limesogea saa sita na majirani waliokuwa macho sasa wamelala. Taja saa kwa Kifaransa pia, vingt heures. "Ndugu" na "baba mdogo" huleta balaa lao: kwenye fomu uliandika kaka watatu, kwenye mahojiano wanasikika saba. Sema "mtoto wa ndugu ya baba". Na hakuna aibu kusema "sikumbuki tarehe, ilikuwa kabla ya mavuno ya maharagwe". Tarehe ya kubuni ndiyo inayoua.

Ukiwa Ulaya, andika kwenye fomu ya kwanza kabisa "Kiswahili cha Kongo". Mkalimani asipokuelewa, sema palepale na uombe iandikwe.

Karatasi gani zina uzito?

Karte ya elekta, ambayo kwetu imekuwa ndiyo kitambulisho cha kila siku. Akte ya kuzaliwa, ile inayotolewa na ofisa wa hali ya raia wa komine, kwa mfano Karisimbi au Ibanda. Watu huleta karatasi ya hospitali ya uzazi wakidhani ni akte. Ile ni tangazo la mkunga tu, na mtoto alitakiwa kuandikishwa kwenye komine ndani ya siku 90. Muda ukipita inahitajika hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya akte. Kadi ya kazi, kadi ya chama, daftari la shule, barua ya kuitwa polisi, rekodi ya hospitali yenye tarehe ya jeraha: vyote huingia.

Usinunue "avi de rusheshe" ya bandia. Kweli zipo, lakini hati ya kumtafuta mtu ni karatasi ya ndani ya ofisi, na swali la kwanza litakuwa uliipataje. Karatasi moja ya uongo huifunika kweli yote. Kutokuwa na karatasi hakukufungii mlango: kama maelezo yako yanashikana na yanalingana na yanayojulikana kuhusu mahali pale, shaka inayobaki inapaswa kukunufaisha wewe.

Waasi walinibebesha masanduku ya risasi. Nitahesabiwa mmoja wao?

Kubebeshwa mzigo kwa mtutu hakukufanyi mpiganaji. Kifungu cha 1F cha Mkataba wa 1951 kinamtenga yule ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba alitenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, au jinai kubwa isiyo ya kisiasa kabla ya kuingia nchi ya hifadhi. Wanaangalia matendo yako binafsi: ulifanya nini, ulijua nini, ungeweza kutoroka. Umri ni jambo kubwa. Aliyechukuliwa akiwa na miaka 13 kwanza ni mtoto aliyedhulumiwa. Anayebaki na silaha hawezi kuwa mkimbizi hadi aiweke chini kwa kweli, kwa sababu ukimbizi ni hadhi ya mtu asiye mpiganaji. Kuficha kwamba ulikuwa msituni ni kosa la kawaida na ghali: majina ya wenzako yamo kwenye mafaili mengine.

Mtu anaomba dola 300 aniingize kwenye orodha ya nchi ya tatu.

Mwizi. Kuandikishwa, mahojiano na kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure, kila hatua. Hata akiwa na kofia ya HCR.

Tena kuhamishiwa nchi ya tatu si haki ambayo mkimbizi anaweza kuidai. HCR inapendekeza, nchi inayopokea inaamua. Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani, hadi mpango wa nchi hiyo uliposimamishwa Januari 2025, na watu waliokuwa na tikiti mkononi wakabaki. Anayekuambia leo kwamba ana njia ya pembeni ya kwenda huko anauza hewa.

Mama amefariki Goma. Nikirudi kwa matanga nitapoteza ukimbizi?

Inawezekana. Kifungu cha 1C cha Mkataba wa 1951 kinasema hadhi inakoma mtu akijirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake au akirudi kuishi. Siku tano za matanga si kurudi kuishi, na sheria huangalia kusudi na muda. Lakini ukienda ubalozi wa Kongo kuchukua pasipoti, ukapita bariere kubwa kwa jina lako na kugongwa muhuri, umewapa hoja. Mkimbizi husafiri kwa hati ya kusafiria ya kifungu cha 28, na kwa kawaida hati hiyo haimpeleki nchi aliyokimbia. Omba ushauri kabla ya kununua tikiti ya basi.

Hadhi inaweza pia kukoma kwa kundi zima, hali ya nchi ikibadilika kwa kina na kwa kudumu. Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na 1998 walipitia hilo, utekelezaji wake ukasogezwa hadi mwisho wa 2017. Hata hapo mtu mmoja mmoja anaruhusiwa kuomba asiguswe, akionyesha hofu yake yeye.

Naweza kuwaleta mke na watoto?

Waliotajwa siku ya kwanza, ndiyo, mara nyingi. Asiyetajwa anageuka kitendawili. Watu humwacha mtoto wa nje ya ndoa wakimwogopa mke, au humwandika mtoto wa marehemu dada kama wa kuzaa. Kipimo cha DNA kinakuja, na kesi ya familia nzima inachafuka. Mtoto wa dada anaweza kukubaliwa kama tegemezi ukisema ukweli na kuleta uamuzi wa mahakama wa kumlea. Ndoa ya kimila ni ndoa mbele ya sheria ya Kongo, ila iandikishwe komine, kwa sababu picha za mahari peke yake hazimtoshelezi konseli. Wake wawili: atakubaliwa mmoja.

Mtoto aliyezaliwa Nakivale ni Mganda?

Hapana. Kuzaliwa kule peke yake hakumpi uraia wa Uganda. Mzazi akiwa Mkongo, mtoto ni Mkongo kwa sheria ya uraia ya 2004, lakini lazima kuzaliwa kwake kuandikishwe Uganda. Asiyeandikwa popote ndiye anayejikuta ukubwani hana nchi inayomkiri, na hiyo ndiyo hali ya kutokuwa na uraia, yenye mikataba yake ya 1954 na 1961. Kumbuka pia kwamba uraia wa Kongo ni mmoja tu: ukichukua mwingine, huu unaondoka.

Na mgeni anayekimbilia kwetu?

Kongo nayo hupokea. Katiba, kifungu cha 33, inatambua haki ya hifadhi, na sheria namba 021/2002 ya 16 Oktoba 2002 iliunda Tume ya Taifa ya Wakimbizi, CNR. Mrundi wa kambi ya Lusenda kule Fizi anafuata njia hiyo.

Nilisaini maandishi ya mahojiano, kisha nikaona kosa.

Andika leo. Ukiwa Ubelgiji, wewe unaomba nakala ndani ya siku mbili za kazi baada ya mahojiano, na ukiisha kutumiwa una siku nane za kazi za kupeleka masahihisho. Taja ukurasa, nukuu sentensi ilivyoandikwa, chini yake weka ulichosema kwa Kiswahili chako hasa, kisha maana yake: "Nilisema *juu ya shamba*, kwa maana ya kwa sababu ya shamba." Usiongeze tukio jipya ndani ya barua hiyohiyo. Kama liko ulilosahau, lipe barua yake na ueleze kwa nini hukulisema siku ile.